Siku Niliyomfanya Mama Mkwe Profesa Mwendawazimu

Jamani, aibu hii nimeificha vya kutosha, acheni niitoe mwenyewe kabla Mama Chantal hajawahadithia na kutia chumvi zake.

Mama Chantal ndiye mwenye saluni ninayosukia pale Greyville, hapa Durban, na ana flashi iliyojaa zile sinema za zamani za vipande vipande, nyeusi na nyeupe, za profesa mwendawazimu anayetaka kuitawala dunia akiwa katika chumba cha chini ya nyumba. Nazipenda mpaka basi! Mtu wa bati anayetisha mji mzima ni pipa lenye miguu, akiinama unaiona suruali ya mwigizaji. Mlango ukifungwa ukuta wa mawe unatikisika (mawe gani, ni boksi). Na kila kipande kinaisha msichana akiwa amefungwa mezani, msumeno umemfika shingoni, halafu kipande kinachofuata unakuta kumbe alishachomoka zamani, hata nywele hazijavurugika. Wateja waliniomba niwatafsirie, nami (sifa zitaniua) nikawa natia na sauti.

Jumamosi ile nikaamua kumpa profesa sauti ya mama yake Olivier, mchumba wangu. Mama huyo alikuwa anakaa Joburg, tulikuwa hatujaonana, lakini voisi zake za WhatsApp Olivier alinisikilizisha zote: anaita jina, anakohoa mara mbili, ndipo anatoa amri. Na wiki ile alikuwa ametuma kusema hatatoa baraka mpaka amwone kwanza huyo msichana wa saluni. Niliogopa, na mimi nikiogopa natafuta kuchekesha.

"Olivier! Kho, kho! Leta ule ubongo, usiuangushe kama ulivyoangusha sufuria yangu!" nikasema, na pale kwenye TV mtu wa bati akaleta ubongo ndani ya bakuli. Saluni nzima hoi. Hata mama mmoja mnene aliyekuwa chini ya draya, aliyekuja kichwa wazi na kuonyesha kwa kidole tu kwamba anataka rola, alitabasamu kwa kutuona tunacheka, maana draya lile la kizamani linanguruma kama lori na ukiwa chini yake husikii hata jina lako. Basi nikanogewa, profesa akaipinga harusi, profesa akauliza huyo binti anajua kupika sombe, yaani kisamvu, au anajua kusuka tu.

Mara umeme ukakatika. TV kimya, draya kimya. Mwenye akili angenyamaza, lakini wateja wakapiga kelele, "Endelea! Usituache hapo!" nami nikapanda juu ya kiti, nikainua chanuo, nikaendelea bila picha: "Kho, kho! Mimi, mama yake Olivier wa Joburg, nitamgeuza binti huyu kuwa mbuzi, ndipo nimpokee!" Nikaangua kicheko kirefu cha kiwendawazimu, na nikajikuta nacheka peke yangu.

Mama wa rola alikuwa ameinua kofia ya draya. Akakohoa mara mbili, kikohozi kile kile cha kwenye voisi. (Picha zake zote ana wigi na miwani mikubwa, msinilaumu.)

"Kumbe mimi nakohoaka hivyo?"

"Karibu Durban, mama," nikasema, bado niko juu ya kiti.

"Shuka kwanza. Nimelala mu basi ili nikuone bila kujulisha mutu. Eish, nimekuona."

Nikalia, tena kulia kweli, kwa maana Olivier nampenda na niliona harusi yangu inaondoka na rola kichwani. Mama akanitazama bila hata kutabasamu.

"Na ule musichana wa ku meza, alipona?"

"Alipona, mama. Anaponaka kila mara."

"Basi na wewe utapona. Lakini siku ya mahari utafanya hii yote mbele ya bajomba. Na ya mbuzi pia."

Nilidhani ananitania. Siku ya mahari, mimi nimevaa vitenge vipya na wajomba wamekaa kama mahakimu, mama akagonga meza: "Anza." Nilikohoa, niliita ubongo uletwe, nilicheka kicheko chote huku jasho linanitiririka mgongoni, na hakuna mjomba hata mmoja aliyecheka, mjomba mkubwa aliuliza kwa upole kama ninaumwa. Mama peke yake ndiye aliyecheka, mpaka akafuta machozi, akasema, "Tunamuchukua hivyo hivyo."

Nimeolewa, ndiyo, na nimeapa sitaiga tena sauti ya mzazi wa mtu. Lakini hadi leo mjomba mkubwa akinisalimia, anasimama mbali kidogo.