Majibu Mia Mbili na Sita

Shemeji yangu ni mtunza kumbukumbu wa shule, mpole hadi anakera. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi. Dada yangu alimpenda hivyohivyo, na alipozidiwa na ugonjwa akampa kazi: yeye aseme, shemeji achape.

Yalikuwa majibu ya maswali ambayo binti yao, wakati huo ana miaka tisa, angeyauliza akishakua na mama hayupo. Jioni dada alilala kwenye kochi, shemeji akakaa sakafuni na kompyuta mapajani, akichapa neno kwa neno. Yalifika mia mbili na sita. Aliyahifadhi kwenye hifadhidata, programu ya kutunza taarifa kwenye majedwali aliyoizoea kazini, ile ya bure inayotengenezwa na watu wa kujitolea.

"Mpe akifika kumi na mbili," dada alisema. "Na wewe usiwe unachungulia."

Dada akafariki, na shemeji hakuchungulia hata siku moja.

Mwaka jana kompyuta ilianza kuzimika ovyo, akanunua nyingine. Alifungua ukurasa wa maelezo wa hifadhidata, akafuata hatua zote: nakili, futa ya zamani, fungua mpya. Alipofungua, jedwali lilikuwepo. Safu ya Swali, safu ya Jibu, safu ya Tarehe, na chini yake hakuna kitu. Amri ile ya kunakili ilichukua jedwali bila yaliyomo, na ukurasa haukusema hivyo. Mafundi wawili walijaribu kuyarudisha, wakashindwa.

Mimi tusi lilishanijaa mdomoni.

"Hawakukusudia, shemeji," akaniambia.

Alikonda. Kisha akawaandikia wenye ukurasa, akapendekeza onyo: "Amri hii hainakili yaliyomo. Usifute ya zamani kabla hujafungua mpya na kusoma ulichohifadhi." Wakabishana wiki tatu. Mmoja akaona onyo ni refu, mwingine akasema hilo kila mtu analijua.

"Mimi sikulijua," akawajibu.

Wakakubali, wakamwomba na mfano wa kitu kilichohifadhiwa. Akaweka jibu moja la dada, lile pekee alilolikumbuka.

Mwezi uliopita binti alitimiza kumi na mbili. Shemeji alimweleza yote mbele yangu, huku analia waziwazi, akamfungulia ukurasa ule. Mfano ulisomeka: "Swali: Nivae nini siku nikiwa na wasiwasi? Jibu: Chochote, ila baba yako asikuchagulie viatu."

Tulicheka sote watatu mpaka mbavu zikauma. Binti ndiye aliyeacha kwanza.

"Baba, mama alisema hivihivi? Au umepangapanga wewe?"

"Alisema."

"Hivihivi kabisa? Mjomba, wewe ulisikia?"

Sikuwepo siku hiyo, nikamwambia ukweli. Nilimtazama shemeji, nikiomba moyoni adanganye japo mara moja maishani mwake.

"Zamani nilikuwa na uhakika," akasema. "Nimeusoma mfano huu mara nyingi mno, mwanangu. Sasa sijui tena."