Mwanamke Hapandi Mti

Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi tangu kabla sijaolewa kilifungwa mwaka ule wa mvua ya Elnino, ila kilifungwa mapema, kabla ya mvua, ardhi ikiwa bado imepasukapasuka kwa ukame. Tulitoka langoni tumebeba mikasi yetu na aproni zetu, tukasimama kando ya barabara kama watu wanaongoja kuambiwa waende wapi. Wenzangu wengi wakaelekea Mukuru kwa miguu, kama kila jioni. Mimi nikavuka reli kurudi Eastlands mchana kweupe, saa ambayo kwa miaka mingi sikuwa nimeuona mtaa wetu siku ya kazi.

Sikujua kukaa nyumbani. Alfajiri nilikuwa macho, nimeshavaa viatu, ndipo nakumbuka sina pa kwenda. Mume wangu akiondoka kwenda kazini, alikuwa karani wa bohari, na wasichana wetu wawili wakienda shule, nilibaki na vyumba viwili nilivyokwisha kuvifagia. Nilikaa. Nilisimama. Nilifungua mlango nikachungulia nje, nikaufunga. Nyumba ilikuwa ya baraza la jiji, ya mawe, na mbele yake palikuwa na kiwanja kisichotosha hata kugeuza mkokoteni. Majirani walikuwa na vichaka vyao, wengine sukuma wiki. Kwetu palikuwa kipara, kamba ya nguo na kuku wa watu wakichakura.

"Nataka kupanda maua hapo mbele," nilimwambia mume wangu jioni moja.

"Maua tutakula?"

"Sukuma nitanunua. Nataka kitu cha kuangalia."

Akaniangalia kidogo, akaona afadhali anikubalie. "Basi panda kayaba. Ina miiba. Angalau wezi wa nguo watajua hawakaribishwi."

Kayaba sikuitaka. Nilikuwa nimeona kayaba maisha yangu yote, imezunguka makanisa, shule na makaburi. Kesho yake nilitembea mpaka Outer Ring, ambako wauza miche walikuwa wamejipanga kando ya barabara, miche yao kwenye paketi za maziwa zilizokatwa na mifuko myeusi ya plastiki. Nilitaka kila kitu. Nilishika boganvilia ya zambarau, nikaiweka chini nikashika nyekundu. Nilienda mwisho wa safu nikarudi. Mama mwenye miche, aliyevaa gambuti na kitambaa kichwani, alinitazama mpaka akachoka.

"Mama, unatafuta mti ama unatafuta mtu?"

Nilicheka, na kicheko kile kilikuwa karibu na kilio. Nikamwambia nataka jakaranda.

"Kwako kuna nafasi kiasi gani?"

Nikanyoosha mikono kumwonyesha.

"Wewe! Jakaranda itakuingilia jikoni. Mizizi yake itapasua bomba la choo, halafu baraza wakutoe." Akainama akatoa mche mwembamba wenye majani kama ya msonobari, lakini mapana kidogo. "Chukua hii. Inatoa maua mekundu kama ile brashi ya kusugua chupa. Haikui sana. Ndege wanaipenda. Haitakusumbua."

Nilirudi na huo, na boganvilia, na hibiskasi, na kichaka kimoja ambacho ua lake huchanua zambarau, likapauka, kisha likawa jeupe, yote kwenye tawi moja. Hicho nilikichukua kwa sababu sikuweza kuamua rangi.

Udongo wetu wa Eastlands ni ule mweusi wa kunata. Wakati wa jua ni kama matofali, jembe linakurukia mkononi. Nilichimba siku nzima nikitoa vibati vya kiwi ya viatu, vipande vya chupa, na soli ya kiatu cha mtoto. Nikachanganya na samadi na mchanga, nikapanda, nikamwagilia maji niliyofulia. Usiku ule nililala vizuri. Lakini asubuhi nilitoka nje nikaona hibiskasi imekaa vibaya, nikaihamishia kando ya njia. Wiki ile ile nikairudisha dirishani. Boganvilia nayo niliing'oa nikaipeleka pembeni ipate ukuta.

"Mama watoto," mume wangu aliniambia, akinitazama nikichimba tena, "hata mimi ningekuwa mmea kwako ningekufa."

Mti wa brashi peke yake sikuuhamisha. Nilikuwa nimeupanda sawasawa mbele ya dirisha, na ulishika.

Mvua ilipoanza ilikuja kama iliyokuwa na deni la miaka. Njia zetu ziligeuka mito myeusi. Watu walipanga mawe na mbao za kukanyagia, na maji ya bomba yakawa yanatoka rangi ya chai. Katika mvua hiyo ndipo mama mkwe wangu alipofika kutoka Vihiga, kuja kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiyependa kushikwa mkono. Alipita nyumbani kwangu akipapasa kila kitu mpaka akazijua pembe zote.

Siku moja mvua ilipotulia alitoka nje peke yake. Nikamwona ameshika ule mti, anapandisha vidole kutoka shinani.

"Hiki ni nini?"

"Ni mti wa maua, Mama."

"Nani ameupanda?"

"Ni mimi."

"Na mume wako alikuwa wapi?"

"Kazini."

Akaachilia mti kama uliomchoma. "Si hata angeshika mche kidogo, ukasema ameupanda yeye? Hukufundishwa? Vichaka sijali. Lakini mwanamke hapandi mti mbele ya nyumba ya mumewe. Anamchimbia kaburi."

Nilikuwa nimelisikia hilo utotoni, kwa kuwa na sisi ni watu wa magharibi, lakini nililisikia kama unavyosikia hadithi za fisi. Jioni alilirudia mbele ya mwanawe. Mume wangu akacheka.

"Mama, hii ni Nairobi. Hata nyumba yenyewe si yangu, ni ya baraza."

"Kifo hakiulizi mwenye nyumba," akasema, akaendelea kula.

Kuanzia hapo sikutulia tena hata kidogo. Mume wangu akikohoa, nageuka. Akichelewa, nasimama mlangoni nikitazama barabara, na mti uko hapo kando yangu, unadondosha maji. Nilijiambia ni upuuzi. Mimi nilisoma, naenda kanisani. Kisha nashtukia natazama mti badala ya barabara.

Baada ya mwaka mpya akaanza kuumwa kichwa. Tukasema ni malaria, akanywa dawa. Homa haikushuka. Tumbo likaharibika, akawa hawezi kusimama, tukamkodia gari mpaka hospitali wakamlaza. Homa ya matumbo, wakasema. Wadi ilikuwa imejaa watu wa homa hiyo hiyo. Jirani wa mlango wa tatu alikuwa amelazwa kitanda cha pili kutoka kwake, na mke wa jirani huyo hakuwa amepanda mti wowote. Nilijua ni maji. Kujua hakukunisaidia.

Siku iliyonivunja, nilimkuta amefumbua macho akanitazama vizuri kabisa, akaniita jina la dada yake aliyekufa wakiwa watoto. Akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Nikamjibu wamerudi. Nilitembea kurudi nyumbani kwenye mvua, sikumbuki nilipita wapi. Sikuingia ndani. Nilichukua jembe lililoegemea ukuta nikaanza kuukata ule mti mizizi.

Udongo ulikuwa laini sasa, jembe lilizama lote. Nilikuwa nimekata upande mmoja, mti umeinama, ndipo nikasikia mkono ukipapasa ukuta. Mama mkwe alikuwa ametoka, hana viatu, kanga kichwani imeloa.

"Unafanya nini?"

"Naung'oa."

"Acha."

"Si wewe ulisema?" Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya hapo. "Si wewe ulisema namchimbia? Hanijui, Mama! Leo hanijui!"

"Nilisema. Weka jembe chini."

Sikuliweka. Akaja moja kwa moja penye sauti yangu, akalishika mpini, akabaki ameushika. Tulisimama hivyo, wote wawili tumeshika jembe moja, maji yakitutiririka.

"Mimi nilipanda mikaratusi," akasema. "Baba yenu alikuwa huku Nairobi, anakuja Krismasi. Upepo ukatoa paa la jiko langu. Ningemngoja Krismasi? Nikapanda mstari mzima kando ya boma, nikiwa na mimba ya huyu mume wako. Ikakua. Ilikuwa mizuri, ukilala unaisikia. Halafu wakamleta baba yenu kwenye sanduku. Kwenye matanga dada zake wakaninyooshea kidole: ni miti. Unajua nilifanya nini? Nikachukua shoka nikaikata yote, mbele ya watu, nikidhani watanyamaza."

Akatemea mvua iliyomwingia mdomoni.

"Wakasema, mmeona? Anajua alichofanya."

Nikauachia mpini.

"Ukiung'oa leo naye apone, utasema ulimponya kwa jembe, na utaogopa kila mti mpaka ufe. Asipopona, watasema ulijua. Uache."

"Mama, wewe unaamini?"

"Naogopa," akasema. "Kuogopa na kuamini, mimi sijui mpaka wake uko wapi. Lakini sitaki ufanye nilivyofanya."

Akapiga magoti kwenye tope, akatafuta shina kwa mikono, akalisimamisha. Mimi nikasukumia udongo. Tukaukanyaga kwa miguu kuuzunguka, pole pole, yeye ameshika bega langu asianguke. Wasichana walikuwa wamesimama mlangoni na sare za shule wakitutazama.

Kesho yake aliniambia nimpeleke hospitali. Alikaa kando ya kitanda cha mwanawe ameshika mguu wake juu ya blanketi mpaka saa ya wageni ikaisha. Siku zile zilikuwa ndefu. Nilitoka wadini nikaingia kanisani, nikatoka kanisani nikaenda sokoni nikasahau nilichotaka. Kisha homa ikaanza kushuka. Asubuhi moja nikamkuta ameketi, akaniuliza kwa nini nimekonda hivyo, kana kwamba ni mimi mgonjwa. Nilitoka nje kwenye korido nikalia mpaka nesi akaja kunitazama.

Alirudi nyumbani amepungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Mti ule ulikauka upande nilioukata, nikaupogoa, upande wa pili ukaendelea. Mama mkwe alipasuliwa jicho moja. Bandeji ilipoondolewa, alikuja nyumbani akasimama mbele ya mti akaucheka.

"Kumbe ndio huu? Nilidhani ni mkubwa!"

Alipokwisha kurudi Vihiga nilimngojea mume wangu apate nguvu. Jumapili moja tukitembea baada ya ibada nikamweleza habari ya mikaratusi. Mama yake hakuwa amenikataza, lakini niliogopa. Akasimama.

"Visiki," akasema. "Vilikuwa kando ya boma. Tukichunga tulikuwa tunavikalia. Niliwahi kumwuliza Mama nani alikata miti, akanipiga kofi. Hilo tu. Nikaacha kuuliza."

Jumamosi iliyofuata aliniambia tuvae twende Outer Ring. Nilidhani anataka kuninunulia boganvilia nyingine, maana ile ya kwanza niliiua kwa kuhamahamisha. Yule mama wa gambuti alituonyesha maua, mume wangu akayapita. Akataka migrevilea, ile miti ya kukinga upepo, ambayo mtu haipandi kwenye kiwanja kama chetu. Tukabishana hapo hapo.

"Utaipanda wapi?"

"Si mimi nitakayeipanda."

Akanunua miche akaipanga kwenye katoni, akaifunga kwa kamba. Akaomba ruhusa kazini. Nilimwambia hajapona sawasawa, safari ya Vihiga ni ndefu, barabara zimeharibiwa na mvua. Akajibu, "Itapandwa na Mama mwenyewe. Mimi nitasimama tu hapo, watu wanione nimesimama, niko hai."

Siku alizokuwa huko sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilianza kushona sare za shule kwa cherehani ya kuazima, nikashona mikono nje ndani, nikafumua. Hatukuwa na simu. Nilingoja.

Aliporudi, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu wa kwao, alikula kwanza. Kisha akanisimulia. Mama yake aliamka kabla yake, mume wangu alipotoka akamkuta amekwisha kuchimba mashimo yote kando ya boma, karibu na pale pa zamani. Yeye akasimama, amekunja mikono, kwenye jua. Watu wakipita wakisalimia, wanaangalia, wanapunguza mwendo. Mmoja wa shangazi zake, wale wa matanga, mzee sasa, akasimama njiani na fimbo yake.

"Akaniuliza, 'Wewe mwanamume, mbona unamwacha mama yako apande miti na wewe umesimama?'"

"Ukamwambia nini?"

"Mimi? Sikupata nafasi. Mama hakuinua hata kichwa. Alimwambia, 'Wifi, nisogezee huo mche hapo karibu na mguu wako.'"

"Akausogeza?"

Mume wangu akanywa chai yake yote kabla ya kunijibu.

"Alikaa sana," akasema. "Lakini akausogeza."