Wa Nyuma Huitikia

Yudith aliteremka kutoka Mhezi hadi Same kwa miguu, akizunguka na barabara ya magari, na siku mbili za mwanzo hakufanya lolote ila kukaa mkekani uani kwa Zaituni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ukucha mmoja wa dole gumba ulikuwa umegeuka mweusi. Zaituni, muuza vitumbua wa jirani na stendi, aliutazama akasema miguu ile ipelekwe hospitali ya Gonja, na kichwa kilichoituma kipelekwe Mirembe kwa wagonjwa wa akili.

Walicheka, lakini si kama zamani. Miaka mingi, kila msimu wa tangawizi, Yudith na mumewe Tumainieli waliteremka na mizigo yao, wakalala kwa Zaituni, wakapumzisha miguu, wakanunua chumvi, kisha wakapanda kurudi kwa njia ya msituni. Safari hii amekuja peke yake. Tumainieli alifia kwenye njia hiyo mwaka jana.

Siku ya tatu Zaituni alikuwa jikoni akikaanga. Kwa vile uani kulikuwa kimya mno, aliita, "Mama Eliufoo, upo?"

Hakujibiwa. Alitoka na mwiko mkononi, akamkuta mgeni wake amejiziba mdomo kwa kanga, anatetemeka kwenye jua kali la Same.

Ndipo Yudith akamweleza jambo ambalo hata mchungaji hakuambiwa. Kule juu ukungu ukishuka, mtu haoni mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo wakitembea wawili, wa mbele huuliza, upo? Wa nyuma huitikia, nipo. Wa mbele hageuki, maana anayegeuka kwenye utelezi huanguka. Siku ile alitangulia yeye. Aliuliza kwenye ngazi za mawe, akaitikiwa. Aliuliza penye kijito, aliuliza penye mti ulioanguka, na kila mara sauti ya Tumainieli ilisema nipo, imechoka kidogo, kama kawaida yake. Ukungu uliishia kwenye migomba ya kwanza ya Mhezi. Akageuka ampokee mzigo. Hapakuwa na mtu.

Walimkuta bondeni, chini ya kona ya kwanza ya msitu. Vijana waliombeba walisema hakuwa amefika kwenye kijito, wala kwenye zile ngazi.

"Sasa mama Nassoro, niambie. Nani alikuwa ananiitikia?"

Harufu ya kitumbua kinachoungua ikatoka jikoni. Zaituni hakuinuka.

Nia ya Yudith ilikuwa kupanda Alhamisi kwa njia ile ile, na kuuliza. Akiitikiwa, basi mumewe bado yuko kule kwenye baridi, hajui njia ya nyumbani. Akikuta kimya, basi masikio yake yalimdanganya, na Tumainieli alikata roho peke yake huku mkewe anatembea na moyo mweupe. Hakujua aogope lipi zaidi. Alichojua ni kwamba hawezi tena kuishi katikati ya hayo mawili. Nyumbani hata kuku akiparua mlangoni, alijikuta anauliza. Zaituni alipomsihi apande gari, alijibu tu kwamba gari halipiti pale.

Jumatano walikwenda sokoni kwa Lugano, Mnyakyusa anayeshona viatu vya tairi. Alifurahi kumwona, akampima mguu, na bila kuuliza akaanza kukata jozi ya pili, kubwa zaidi, ya mguu wa Tumainieli anaoukumbuka. Yudith alimlipa. Aliondoka na jozi zote mbili.

Alfajiri ya Alhamisi alimkuta Zaituni mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, amevaa ile jozi kubwa na kuikaza kamba mpaka mwisho.

"Vitumbua je?"

"Same hawatakufa njaa. Twende, mimi nitakaa nyuma yako."

"Ukiitikia wewe, sitajua." Yudith alivitazama vile viatu kwa muda. "Tangulia. Leo wa nyuma ni mimi."

Msituni ukungu uliwapokea. Penye kona ya kwanza sauti ya Zaituni ilitoka mbele, ikihema, "Upo?"

"Nipo," Yudith alisema, akasimama. Kisha, bila kugeuka, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba Eliufoo, upo?"

Kimya. Matone tu kwenye majani. Alingoja mpaka kanga yake ikalowa.

"Siku ile ulinisindikiza mpaka nyumbani," alisema. "Leo nimekuja kukuchukua."

Kwenye ngazi Zaituni aliuliza tena, na penye kijito, na penye mti ulioanguka. Kila mara Yudith aliitikia, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kupiga hatua, akimwachia mwingine nafasi ya kusema. Walipofika kwenye migomba ya kwanza, Zaituni aligeuka ampokee mzigo. Yudith hakuwa akimtazama. Alikuwa amejibana kando ya njia, kama mtu anayempisha wa nyuma yake atangulie, na alibaki hivyo mpaka alipoona inatosha.