Bipu kutoka Darasa la Saba

Niliporudi Sumbawanga na stashahada ya ufundi wa redio, nilikuwa na simu ya mkononi kiunoni. Biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imetuletea mnara wa simu, na pale mtaani kwetu Milanzi watu walisimama njiani kunisikiliza nikisema "haloo". Sioni haya kusema: nilijisomesha mwenyewe kwa jasho langu, nilistahili kutazamwa.

Dada yangu wa kijijini hakushangaa. "Msomi, mwanangu yuko darasa la saba na mwalimu wa hesabu hamjui hata sura. Mtihani ndio huo unakuja. Simu yako itamsaidia nini?"

Wazazi walishalalamika. Lakini ofisa elimu akitoka mjini, pikipiki yake ilionekana tangu mbali kwenye uwanda ule usio na miti. Akifika, mwalimu yupo, chaki mkononi.

Nikamnunulia dada simu iliyotumika. Mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu, shambani kwake, na kutoka pale dirisha la darasa la saba lilionekana vizuri. Tukapatana: kipindi kikianza bila mwalimu, anibipu mara moja, akate.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa ofisini mbele ya ofisa elimu, nimekwenda kumweleza habari za mwalimu, simu ikalia. Nikapokea kwa madaha.

"Kaka! Unapokea bipu? Na stashahada yote hiyo!" Vocha yake ikaishia hapo. Ofisa alicheka mpaka akafuta machozi.

Kesho yake niliiweka simu mezani pake. Ikalia, ikanyamaza.

"Hupokei?"

"Hii si ya kupokea, mzee. Maana yake darasa la saba halina mwalimu."

Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo hatukuhitaji kuuliza mwalimu alikokuwa. Tulimkuta sokoni akipima maharage.

"Mwalimu," ofisa akamwambia, "hesabu za leo unafundishia hapa?"

Debe likabaki hewani. "Nani kakwambia, mzee?"

"Darasa lenyewe limenipigia."

Tangu siku hiyo alifundisha, na kila asubuhi aliangalia kwanza nani kasimama kwenye kichuguu. Wazazi walikuwa wameshapangiana zamu.

Matokeo yalipobandikwa, mpwa wangu alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, msichana wa kwanza katika ukoo wetu. Siku ya kuripoti nilimsindikiza mwenyewe, nimevaa suti, godoro lake nimejitwika kichwani. Nilipita njia ndefu makusudi.