Siku Nilipoiona Sauti Yangu

Nilikuwa nasomesha watoto Kurani nyumbani kwetu Mpendae, mpaka sauti ikaanza kunikimbia. Kwanza ilikwaruza, kisha ikabaki pumzi tupu, watoto wakawa wananitazama midomo. Mume wangu akanipeleka mjini kwa daktari wa koo, mwanamke wa makamo, mpole.

"Bi, kuna vinyama vimeota kwenye nyuzi za sauti," aliniambia. "Tutavichoma kwa leza. Sikulazi usingizi, nnataka unisikie nikikwambia uvute pumzi."

Alinipulizia dawa ya ganzi, koo likawa si langu tena. Nikavishwa miwani ya kukinga macho na leza, chumba kizima kikageuka rangi ya chai. Akapitisha puani mpira mwembamba wenye kamera, na pale kwenye kioo cha kamera pakafunguka mahali nisipopata kupaota: pango lenye umande, na nyuzi mbili zikiachana na kukutana kila nikipumua. Vinyama vimezishika kama kishada cha zabibu. Hofu ilinitoka, sijui ikenda wapi. Nilikuwa kama naelea, najichungulia kwa ndani.

Kwanza alinyofoa kipande kupitia mpira ule, akakitia chupani. "Hiki kinakwenda maabara, Dar. Watakipima mpaka vinasaba vyake, tujue ni kitu gani."

Kisha leza ikawaka kwenye ncha ya mpira. Kila alipoilenga kwa kutazama kioo, kinyama kiligeuka cheupe, kikanywea. Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua, polepole nikafahamu kuwa ni mimi.

Nilikatazwa kusema mpaka koo lipoe. Nyumba ikatulia kama imezama majini. Mume wangu naye, kwa kuona haya kusema peke yake, akaacha kusema. Tukawa tunaombana chumvi kwa vidole.

Asubuhi moja, nshapewa ruhusa ya kusema lakini naogopa kujaribu, daktari alipiga simu. Mume wangu alipokea.

"Naam... Naam, daktari... Alhamdulillahi."

Akaniangalia, machozi yanamtoka, akaanza kunieleza kwa mikono! Anapunga, anagusa koo, ananyoosha kidole juu mbinguni.

"Sema basi!" nilimwambia.

Ilitoka sauti nzito, ngeni, kama ya dada mkubwa ambaye sikupata kuwa naye. Mume wangu akakaa kitako sakafuni.

"Si saratani," alisema. "Ni kirusi. Huenda vinyama vikaota tena, watakuwa wanakuchungulia. Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote."