Siku Niliyompita Mkwe Wangu Bila Kumwamkia

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, kule Hombolo, nilipotoka kanisani nikampita mama mkwe wangu kama mtu anavyopita kisiki. Watu waliona. Alikuwa amesimama nje ya mlango, upande wangu wa kushoto, amejitanda khanga mpya, anangoja nimwamkie. Nilipita. Sikugeuza hata shingo. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye baiskeli yangu, nikajipangusa machozi kwa leso, nikaondoka.

Mwanangu, kwetu Ugogoni mkwe si mtu wa kupitwa. Hutaniani naye, huli naye sahani moja, na ukikutana naye njiani unatua ulichobeba, unasimama kando na kumwamkia kwa heshima zote. Basi kabla jua halijafika utosini habari ilikuwa imeshazunguka kijiji: Yona kamdharau mama yake Damari mbele ya kanisa zima. Yona ndimi, na Damari ndiye mke wangu. Nitakueleza ilikuwaje, maana kisa chenyewe hakikuanzia pale mlangoni. Kilianzia mgongoni mwangu.

Nilikuwa kijana, ndoa bado mbichi, nalima zabibu kwenye shamba aliloniachia baba. Lakini mgongo ulikuwa wa mzee. Asubuhi niliamka nimekakamaa kama ubao, siwezi kugeuka mpaka nijigeuze mwili mzima kama gogo, na hadi jua lipande ndipo viungo vilegee. Ajabu yake, kazi ilinipa nafuu na kulala kulinizidishia. Wako waliosema ni uvivu wa kuamka. Wako waliosema nimerogwa. Hospitali kubwa ya mjini ndiyo iliyonieleza kwamba huu ni ugonjwa wa viungo: mwili wenyewe unawasha moto usio na sababu kwenye maungio ya mgongo na nyonga, na moto huo hauzimiki, hutulizwa tu. Nikapewa vidonge, nikafundishwa kujinyoosha, nikaambiwa nizoee.

Aliyezoea hasa alikuwa Damari. Ni yeye aliyenivuta mikono nikaweza kuketi kitandani, akanifunga kamba za viatu, akanichua mgongo kwa mafuta ya moto. Mwanzoni aliniuliza kila kulipokucha, "Umeamkaje?" Baadaye akaacha, kwa sababu jibu alikuwa analijua. Simlaumu, wala wewe usimlaumu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini anayelinda kaburi naye huchoka. Mgonjwa wa siku zote hulalamika mpaka masikio ya nyumba nzima yanaota sugu, na mwisho yeye mwenyewe huichoka sauti yake.

Kiangazi kile ndipo jicho la kushoto lilipoanza. Nilikuwa shambani napogoa mizabibu, upepo unasukuma vumbi, nikahisi mwanga wa jua unaniingia jichoni kama mwiba. Nikalifumba. Nilipolifumbua lilikuwa linachuruzika machozi, na mbele yake pametanda kitu kama moshi. Nilirudi nyumbani jioni, jicho jekundu, maumivu yanagonga hadi kwenye paji la uso. Damari alikuwa jikoni anasonga ugali wa uwele, mtoto mgongoni analia.

"Mama Neema," nikamwambia, "jicho langu hili leo..."

Akainua uso. "Leo tena jicho?"

Hakunikaripia. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Lakini neno lile lilinitosha. Nikajibu kwamba ni vumbi tu, litatoka lenyewe.

Zahanati nilikwenda, usidhani sikwenda. Nilikwenda bila kumwambia mtu. Sehemu zetu ugonjwa wa macho unaojulikana ni vikope. Umewapofusha wazee wetu wengi, na kwa hiyo kila jicho jekundu huitwa vikope. Nikapewa dawa ya kupaka. Mhudumu hakuniuliza habari za mgongo, nami sikumtajia. Mgongo na jicho wapi na wapi? Jicho likatulia, nikashukuru Mungu. Likarudi. Likatulia, likarudi, na kila lilipotulia liliacha moshi mzito kuliko ule wa kwanza.

Nikawa sipati raha ila gizani. Nyumba ya mama yangu mzazi ilikuwa tembe la kizamani, udongo chini na udongo juu, vidirisha kama matundu ya panya. Nikaanza kushinda humo mchana nikisingizia kusikiliza redio. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa nayo mawili, na ningeambiwa tazama nisingejua nitazame wapi. Nilijikata kidole nikidhani nakata tawi. Nilimimina chai pembeni ya kikombe. Nilikanyaga hewa pale nilipodhani pana kizingiti, nikaanguka mbele ya majirani.

Sasa, kwetu Hombolo mvinyo haukosekani. Siku moja Damari alinisogelea karibu sana, kama mtu mwenye jambo la kunong'ona. Nikainama nimsikilize. Hakunong'ona kitu. Alikuwa ananinusa mdomo.

Huko ndiko nilikotoka nilipofika Jumapili ile. Ndani ya kanisa mlikuwa na kivuli. Nje jua lilikuwa kali, limepiga kwenye mchanga na kurudi juu. Jicho la kulia likajifumba lenyewe kwa mwanga, la kushoto halikuwa na kitu ila moshi, na ndani ya moshi ule alikuwamo mama mkwe wangu.

Mchana alikuja nyumbani. Alikuja peke yake, bila ndugu wa kumsindikiza, akaketi kwenye kigoda uani. Damari akamletea maji. Akayakataa. Hapo nikajua mambo ni mazito, kwa sababu mtu hakatai maji ya nyumba ya binti yake bure.

"Yona," alisema, "sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Shikamoo."

"Nitaipokea nikishajua. Kama ni mimi niliyekosa, niambie. Kama ni binti yangu, niambie nimfunze."

Damari hakungoja nijibu. Aliweka mikono kichwani, akasema kwa sauti ya mtu aliyelibeba jambo kwa muda mrefu, "Mama, mwenzangu siku hizi anakunywa."

Nitakwambia jambo ambalo watu wengi hawatakwambia. Niliposikia vile, moyo wangu ulitulia. Niliona afadhali. Mlevi hushauriwa, huombewa, na akiacha pombe anakuwa mtu kama watu. Mgonjwa wa kudumu hana cha kuacha. Nikanyamaza, nikaacha neno lile likae juu yangu.

Damari akaona nimekaukiwa midomo. Akachota maji, akasimama kushoto kwangu, akaninyooshea kopo. Mimi niliendelea kumtazama mkwe wangu.

"Pokea basi maji," akasema.

"Yako wapi?"

Nikapapasa, mkono ukalikosa kopo, ukagonga kiwiko chake, maji yakamwagika miguuni pangu. Mama mkwe akainuka kwenye kigoda.

"Damari," alisema, "mumeo haoni."

Kisha alifanya jambo ambalo mila haimruhusu. Alinijia, akanishika uso kwa mikono yake miwili, akaugeuza kwenye mwanga kama unavyomgeuza mtoto aliyeingiwa na kitu jichoni. "Tangu lini?" akauliza. Nikamweleza yote: shambani, zahanati, moshi, giza la tembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanikemea, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Ungeniambia pale mlangoni, 'Mama, sioni,' ningekusamehe kabla hujafunga mdomo. Lakini wewe umekubali uitwe mtovu wa adabu kijijini, na umekubali uitwe mlevi ndani ya nyumba yako, ilimradi usiitwe mgonjwa kwa mara nyingine. Heshima gani hiyo, mwanangu? Unadhani maradhi ni mgeni mmoja, ukishamtaja jina basi umemaliza? Yakija mengine, nayo unayataja. Yakija mengine, nayo unayataja."

Akamgeukia binti yake. "Na wewe, ukichoka kumsikiliza, niite nije nimsikilize mimi. Kuchoka si dhambi. Lakini usimzibe mdomo."

Damari alikuwa bado ameshika kopo tupu.

Kesho yake tulikwenda mjini, mimi na mke wangu. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kiumri. Aliniegemeza kidevu kwenye kifaa chake, akanimulika jicho moja baada ya jingine. Swali lake la kwanza lilinishtua.

"Asubuhi ukiamka, mgongo wako unakuwaje?"

Nilidhani Damari amemnong'oneza. Kumbe hapana. Daktari alitueleza kwamba si vumbi wala vikope. Ni moto ule ule wa mgongoni, umepanda ndani ya jicho, na wenye ugonjwa kama wangu wako wengi unaowafikia huko. Ukiwahiwa mapema hutulizwa kwa matone. Wangu ulikuwa umeachwa ukawaka mara kwa mara, umegandisha mboni, umepandisha shinikizo la ndani ya jicho, umeuharibu mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo. "Maumivu nitayaondoa," alisema. "Kuona sitakuahidi." Alikuwa mkweli. Maumivu yaliondoka. Jicho halikurudi.

Tulipotoka tuliketi kwenye benchi la nje, kwenye korido. Damari alilia bila sauti. Akajipangusa kwa khanga, akasema, "Nilikunusa, Baba Neema."

"Najua."

"Ulijua, ukaninyamazia?"

Tuliketi pale mpaka watu wakapungua, kila mmoja na lake. Tuliishi vizuri baada ya hapo, na hadi leo tuko pamoja, lakini siku ile ipo kati yetu. Maji yakimwagika hayazoleki. Huwa yanaacha alama kwenye udongo, na wote wawili tunajua ni wapi.

Mama mkwe ndiye aliyenibadilishia maisha kwa kitu kidogo. Tangu siku ile, popote tulipokutana, hakungoja nimwone. Mila inataka mdogo aanze, lakini yeye alianza. "Yona, ni mimi mkweo, niko kushoto kwako." Nami nikageuka nikamwamkia. Sokoni, kanisani, msibani, ilikuwa hivyo hivyo, na watu wakamcheka kwamba amegeuza dunia. Hakujali. Alifariki mwaka ambao mvua zilichelewa. Siku ya mazishi waombolezaji walikuja kunipa mkono wa pole, na waliokuja kwa kushoto niliiacha mikono yao ikining'inia. Nilimlilia yeye, na nilijililia na mimi.

Sasa nimezeeka. Mgongo umeinama na hautanyooka. Jicho la kulia limekwisha kushikwa na moto ule mara kadhaa, na kila liliposhikwa niliamka nikasema, "Damari, limeanza," na siku hiyo hiyo tukaenda mjini. Mpaka sasa linaona, ingawa utandu umeanza kulifunika, na daktari wa siku hizi ananiambia tungoje tuone. Kila alfajiri, kabla sijajigeuza kitandani, huutazama kwanza mstari wa mwanga wa dirishani. Nikiuona, namshukuru Mungu. Hofu ile haijanitoka, na sitakudanganya kwamba itanitoka.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua, lakini wengi wakilisikia neno hilo hudhani linamhusu anayeficha ugonjwa wa kwanza. Mimi nakwambia habari za ule wa pili na wa tatu, ule unaokuja wakati watu wameshachoka kukupa pole. Huo ndio unaofichwa zaidi. Ukiwa na ugonjwa usiopona na mwili wako ukafanya jambo jipya, usiseme wapi na wapi. Mwili ni nyumba moja, na moto wa chumba hiki hupita juu ya dari ukashuka chumba kile. Jicho likiwa jekundu, likauma, likaogopa mwanga, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo, na kabla hajakuuliza mwambie ugonjwa wote ulio nao, hata ule wa mgongo, hata ule wa magoti. Sema hata kama sauti yako umeichoka. Nawe uliye mzima na unaishi na mgonjwa, ukichoka sema umechoka, utafute wa kukupokea. Mgonjwa hatakufa kwa kusikia hivyo. Kinachommaliza ni kujifunza kunyamaza. Na ukiona mtu mwenye adabu amekupita bila salamu, kabla hujahesabu kosa, muulize kama amekuona.

Nenda, mwanangu. Mungu akutunzie nuru uliyo nayo. Na kama imeandikwa kwamba itapungua, basi ipungue ukiwa kati ya watu wanaojua kwamba inapungua.