Maharage ya Wageni

Sauti ile ilifika nyumbani kwetu, katika milima ya Masisi, kwa simu ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa amekaa mlangoni asubuhi, akaibonyeza, na mchambuzi mmoja wa siasa, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona, akaanza kunguruma: "Wageni wamejaa Masisi! Wageni wanakuja, na ninyi mmelala!"

Mama mkwe alikuwa jikoni. Kiswahili chake ni cha sokoni, maana nyumbani tunasema Kihunde, na masikio yake siku hizi hushika neno moja na kuacha mengine. Akatoka na ungo mkononi.

"Wageni wanakuja? Na hamuniambie?"

Kabla hatujamjibu alikuwa amerudi ndani kuongeza maharage kwenye sufuria. Tulicheka hadi shemeji akaangusha simu.

Nieleze kidogo neno lenyewe. Kwetu mgeni ni mtu wa kupewa kiti kizuri na kuchinjiwa kuku. Lakini neno hilohilo ndilo wanasiasa wanalomwambia mtu ambaye babu yake amezikwa kwenye kilima hiki, ajue kwamba hapa si kwao. Nilitaka kuelewa linageukaje, kwa hiyo nikamwomba shemeji airudishe ile sauti mwanzo. Tukasikiliza tena, taratibu. Mchambuzi hakutaja jina la mtu wala kabila. Alisema "wageni", "wale", "mnawajua". Aliacha nafasi tupu ili kila msikilizaji aijaze mwenyewe. Mama mkwe alikuwa ameijaza watu wenye njaa. Vijana wanaoshinda kwenye daraja la chini walikuwa wamemweka humo mama wa maziwa.

Mama huyo hushuka kutoka malishoni na bido ya maziwa, dumu la plastiki, mgongoni, akielekea soko la Kashuga. Familia yake inafuga, yetu inalima, tunasali kanisa moja, na kila akipita hutuachia maziwa kidogo. Tangu sauti za namna ile zianze kuzunguka, vijana wa daraja walikuwa wakimzomea: "Mugeni, rudia kwenu!" Juzi walikuwa wameishika bido yake wakaitikisa. Njia nyingine ya kwenda sokoni hana. Akiiacha hii, maziwa yataharibika nyumbani.

Siku ile alifika tukiwa bado tunasikiliza. Akasimama nje ya ua, bila kutua mzigo. Shemeji akazima simu, lakini alikuwa amechelewa.

"Usizime, kaka," mama wa maziwa akasema. "Na mimi nisikie, anasema niende wapi."

Mama mkwe akatoka, akaitazama njia yote, juu na chini.

"Wageni wako wapi?"

"Mama," shemeji akasema, macho chini, "yule wa simu anasema wageni njo hawa, watu kama huyu."

"Huyu?" Mama mkwe alikasirika kweli. "Huyu iko mama wa maziwa! Nimepika sufuria muzima, na munaniletea mutu wa kila siku?"

Mama wa maziwa akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika mti wa ua.

"Mama, kama iko ugeni wa kula, unikubalie leo tu."

Akatua bido, akaingia, akala. Lakini alipomaliza hakuinuka. Alikuwa akitazama upande wa daraja.

"Hapa nimekuwa mugeni muzuri," akasema. "Na kule chini?"

Shemeji aliwajua wale vijana, kwa kuwa ndio waliomtumia ile sauti. Akakuna kichwa. Kisha akaiinua bido, akaiweka begani, akatangulia.

Nilibaki uani nikiwatazama. Walifika darajani, wakasimama, vijana wakainuka. Kutoka kwetu maneno ya pale hayasikiki. Baadaye nikaiona bido inasogea tena, inapanda ng'ambo ya pili.

Shemeji aliporudi nilimfuata hadi mlangoni, maana hamu ya kujua ilikuwa imenishika.

"Umewaambia nini?"

"Wameniuliza kama nimekuwa muchunga ng'ombe. Nikasema huyu iko mugeni wa mama. Wakauliza, mugeni gani? Nikasema, wa maharage."

"Wakacheka?"

Alifikiri kidogo.

"Mumoja," akasema.